Kosa la Mkono Mzima

Shangazi yangu ni mpima ardhi, na hajawahi kuacha kosa lizurure. Huanzia kwenye kigingi kimoja, huzunguka kiwanja akipima kila upande, kisha hurudi pale pale alipoanzia. Hesabu ikikataa kukutana kwa upana wa kidole, hapigi kelele. Hilo kosa huligawa kwa pande zote, upande mrefu ubebe zaidi. Tatizo ni kwamba hata nyumbani yuko hivyo hivyo. Sukari ikipungua mkebeni, hugawa lawama kulingana na ukubwa wa kikombe cha kila mtu. Changu ni kikubwa. Nimeonewa sana.

Baba na Baba Mdogo walipotaka kugawana kiwanja cha marehemu babu, walimwita yeye, dada yao mkubwa. Mpaka ulipita karibu na jiko la Mama. Ukisogea kidogo tu, jiko linabomolewa. Mama alishinda mlangoni na mwiko mkononi, roho juu juu.

Shangazi alipima, akapumzika kunywa chai, akaendelea. Aliporudi kigingi cha kwanza alibonyeza kikokotoo chake, akakunja uso. Hesabu zilipishana kwa urefu wa mkono mzima.

"Dada, si ugawe tu kama kawaida?" alisema Baba, mpole ghafla.

"Gawa, dada, tumalize," Baba Mdogo akadakia. Wawili hao hawakuwa wamekubaliana jambo lolote tangu matanga ya babu.

"La kidole nagawa," alisema Shangazi. "La mkono mzima lina mwenyewe. Na hili limeelekea jikoni moja kwa moja. Kigingi cha pale jikoni nilikilenga kwa mashine ya kupimia kabla ya chai. Baada ya chai nimesimamisha mashine juu yake, kumbe kimehama."

"Si nilijua! Huyu kakisogeza!" Baba akafoka.

"Mimi nimekirudisha tu ulikokitoa wewe!" Baba Mdogo akajibu.

"Ukapitiliza!"

Mama alimtazama mumewe, kisha akautazama mwiko.

Shangazi aliwaketisha ndugu zake kwenye benchi moja, mbali na vigingi vyote, akakirudisha kigingi kwenye shimo lake la awali, akaanza upya. Safari hii kosa lilikuwa la kidole, akaligawa. Mpaka ukapita hatua moja nje ya jiko, na Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Jioni Shangazi alimimina chai mwenyewe. Ya Baba Mdogo haikuwa na sukari. Ya Baba, aliyeanza, ilikuwa maji ya moto matupu.

Aliyanywa yote, bila kuuliza.