Babu Pumba Aonja Chakula cha Paka

Fundi wa mashine yetu ya kusaga tunamwita Babu Pumba. Kusoma hakujui, lakini mdomo wake ni mizani. Akitafuna punje mbili za mahindi yako, anakuambia yalivunwa mabichi, au umeyachanganya na ya mwaka jana ukidhani hayataonekana.

Paka wetu alipogongwa na lori, aliacha watoto watatu, ndio kwanza wanajifunza kula. Mama mwenye mashine akasema wasipopata nguvu kufikia Ijumaa, atawatupa na kuweka sumu ya panya aliyokwisha kuinunua. Sumu, kwenye chumba cha unga. Babu Pumba akavua kofia, akaivaa tena.

Mama alinunua chakula kikavu mwenyewe: mfuko wa rangi ya dhahabu, juu yake paka kavaa taji. Watoto wakanusa, wakageuka.

"Wana maringo," akasema. "Hiki wanakula paka wa mabalozi."

Babu Pumba akaokota punje, akatafuna. Sisi wa magunia tukaacha kazi.

"Samahani, Mama. Hii ni pumba na mahindi. Nyama imepita dirishani tu."

"Umekuwa paka lini, wewe?"

"Bado, Mama. Lakini pumba nazijua, zimenisomeshea wanangu."

Mama akatutuma dukani, mimi na Babu Pumba, tukaaibike wenyewe. Muuzaji, aliyevaa koti jeupe kama daktari, akatuonyesha mifuko kuanzia wa bei kubwa.

"Naomba kuonja," akasema Babu Pumba.

"Mzee, hapa haonji mtu."

"Sasa mnajuaje mnachouza?"

Mimi niliyefika darasa la saba nikapewa kazi ya kusoma maandishi madogo ya nyuma. Kadiri picha ilivyokuwa kubwa, ndivyo mahindi yalivyotajwa mwanzo. Mfuko mmoja wa kahawia, hauna hata picha, ulianza na kuku, ukafuata samaki, na uliandikwa ni wa watoto wa paka. Tulipolipa, Babu Pumba akaufungua palepale, akatafuna, akafumba macho.

"Kuku huyu," akasema. Muuzaji akasogea nyuma kidogo.

Tulizilowesha punje kwa maji ya vuguvugu, maana meno yao yalikuwa bado machanga. Yule mdogo kabisa, tuliyekuwa tumeshamkatia tamaa, akaingia sahanini na miguu yote minne, akawangurumia wenzake.

Ijumaa Mama akawakuta matumbo kama ngoma. Akaniambia nikairudishe ile sumu dukani.

"Si niliwaambia?" akasema. "Paka ni kumchagulia chakula kwa makini."

"Kweli, Mama," akajibu Babu Pumba, akaenda kuwasha mashine.