Mwosha Aliyekuja Mapema

Mimi ndiye niliyemfungia Bi Siti mlango. Naanza na hilo kwa sababu Mtaa wa Sikukuu mzima unalijua, na watu wa mtaa wetu ukiwaachia habari yako waisimulie wao, itakurudia imeota mapembe. Nilimfungia, nikatia na komeo, kisha nikamdanganya mama yangu aliyekuwa kitandani kwamba ni mtu tu, amekosea mlango.

Bi Siti binti Mwinyimvua ni mwosha. Ana miaka sitini na mbili, na tangu akiwa msichana amewaosha wanawake waliofariki kuanzia kwetu Kariakoo mpaka Gerezani. Akifa mwanamke, kabla hata turubai halijafungwa, mtu keshatumwa kumwita. Huja na mkoba wake mweusi, kata yake na majani ya mkunazi, akakunja mikono ya baibui na kuingia nyuma ya pazia. Akitoka hasemi alichokiona. Awe marehemu ana kovu, awe ana hirizi kiunoni, awe ana mimba asiyoijua mtu, yote yanaishia pale pale.

Watu wanamheshimu, ila heshima yenyewe ni ya mbali. Akipita madukani anasalimiwa vizuri mno, halafu kila mtu anapata shughuli. Mimi nauza vitambaa vya mapazia, na alipokuwa akiingia dukani kwangu nilikuwa nampunguzia bei kabla hajaomba, ili atoke. Leo nikikumbuka naona aibu, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Kilichomtoa kwenye njia yake aliniambia baadaye, bila kutaja nyumba wala jina. Aliitwa kumwosha mwanamke kijana aliyeugua muda mrefu. Alipomgeuza akakuta mgongo umefunguka, vidonda viwili, na kingine nyongani, vya mtu aliyelazwa upande mmoja mwezi mzima. Nje ya pazia mama wa marehemu alikuwa analia akisema amemfanyia mwanawe kila kitu. Na kweli alifanya kila alichokijua, ila hakuna aliyemfundisha kumgeuza.

“Nilitia pamba, nikamvisha, nikanyamaza,” Bi Siti aliniambia. “Mwosha hasemi. Lakini nilirudi nyumbani nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani. Nikajiuliza, kwa nini mimi nijue kugeuza watu, halafu niitwe wakiwa hawaumii tena?”

Mwaka huohuo likaja Tulizo. Hili ni shirika lisilotafuta faida, linawahudumia majumbani watu wenye maradhi makubwa, yale ambayo hospitali imeshasema yake imemaliza. Wenyewe wanaiita tiba shufaa. Kwa miaka walikuwa upande wa Temeke tu, sasa wakaamua kuvuka waje Ilala: Kariakoo, Gerezani, Mchikichini, hadi bondeni Jangwani. Eneo lote hilo walikuwa na muuguzi mmoja, Sista Severa, na pikipiki moja. Kwa hiyo wakatangaza kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kwamba wanatafuta wahudumu wa kujitolea, watu wanaozijua nyumba. Vijana wakajitokeza na vyeti vyao, na Bi Siti akajitokeza na mkoba wake mweusi.

Sista Severa kwao Rombo, hakumjua Bi Siti ni nani. Aliwapanga mstari, akamlaza kijana mmoja kitandani, akawaambia kila mtu amgeuze kama mgonjwa asiyejiweza. Wenye vyeti walimvuta mkono, wakamkaba shingo. Bi Siti alimgeuza kama mtu anayegeuza mkate wa maji usichanike. Sista akaliandika jina lake juu ya yote, akamkabidhi Kariakoo.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Fikiria una mgonjwa ndani, mnamwombea dua usiku na mchana, halafu anabisha hodi mwosha. Nyumba tano za kwanza alizopangiwa, zote tano zilimkataa. Mmoja alimwambia mgonjwa kasafiri. Mzee Shomari wa Mtaa wa Narung'ombe, aliyekuwa hajainuka wiki mbili, alipoambiwa nani yuko sebuleni aliinuka akakaa, akaomba chai na kitumbua. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bi Siti mwenyewe alicheka sana, akasema angalau huyo amemtibu bila dawa.

Kisha zamu ikawa yetu. Mama yangu, Bi Zeina, alikuwa na saratani ya kizazi, na hospitali ilishatuita mimi na kaka yangu Yasser pembeni, ikatueleza. Tukakubaliana mama asijue. Tukamwambia ni vidonda vya tumbo. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini sisi tuliwazidi wahenga: tulikuwa tunamficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe. Sista Severa alikuja Jumanne moja, akatuachia chupa ya mofini ya maji ya kutuliza maumivu, akatuonyesha kipimo, mara moja kila baada ya saa nne. Akasema siku nyingine atakuja mhudumu wa mtaani kwetu.

Yasser ni wakala wa forodha bandarini, kazi yake ni kushuku mizigo ya watu. Aliinusa ile chupa akasema, “Huda, hii si ni unga tu umetiwa maji? Mama aanze uteja na umri huu?” Mimi nami, mwenye duka, mjuaji wa kila kitu, nikaona ana maana. Chupa ikakaa kabatini nyuma ya seti ya vikombe vya wageni.

Alhamisi saa nne asubuhi nikasikia, “Hodi. Ni mimi Siti, nimetumwa na Tulizo.”

Nilichungulia, nikauona ule mkoba. Sikufikiri habari ya Tulizo wala ya mhudumu, niliona turubai limefungwa barazani na mama yangu hayupo. Nikamwambia kupitia upenyo, “Bi Siti, huku hakujafa mtu,” nikafunga. Hakugonga tena. Nilizisikia ndara zake zikishuka ngazi polepole.

“Nani huyo?” mama akauliza kutoka ndani.

“Mtu tu, kakosea mlango.”

Mchana ule maumivu yalimpanda vibaya. Mimi na binamu yangu tulijaribu kumsogeza tumbadilishie shuka, mmoja akivuta mabega na mwingine miguu, na mama ambaye hajawahi kupiga kelele mbele ya watu akapiga kelele. Nilimwachia, nikaketi sakafuni nikalia. Nilikuwa na woga na hasira, na zaidi ya yote nilijiona sifai.

Mama alipopata pumzi akasema, “Aliyekosea mlango alikuwa na sauti ya Siti. Niitie.”

“Mama, Bi Siti ni...”

“Namjua Siti ni nani. Ndiye aliyemwosha mama yangu, na mimi ndiye niliyekuwa namimina maji. Nilimwona anavyomgeuza. Mama keshakufa, hasikii kitu, na Siti alimgeuza kama anaogopa kumuumiza. Ninyi mimi niko hai, mnanigeuza kama belo la mitumba.” Akafumba macho kidogo. “Na hivyo vidonda vya tumbo mwambie Yasser apeleke bandarini. Mimi nimezaa watoto wawili, najua panapouma ni wapi.”

Nilitoka na ushungi wa nyumbani. Nilikata Mtaa wa Kongo katikati ya wauza soksi na wauza vifaa vya simu, watu wananiita, “Dada, karibu, dada,” siwaoni. Bi Siti anakaa Mtaa wa Mafia, chumba cha uani. Nilimkuta kwenye kigoda anachambua mchele.

“Shikamoo, Bi Siti.”

“Marahaba, mwanangu.” Aliweka ungo chini, akaanza kujifunga kanga ya pili, kama mtu anayejua safari ya kwenda. “Nani amefariki?”

“Hajafa mtu. Mama anakuita.”

Mikono yake ikasimama. “Mama mwenyewe?”

“Mwenyewe. Na mimi nimekuja kukuomba radhi. Nilikufungia mlango nikijua unakuja kutusaidia.”

“Hukujua, uliogopa,” akasema. “Miaka arobaini naitwa na watu, mwanangu. Sijawahi kuitwa na mgonjwa.” Akaufunika mchele, akachukua mkoba. Njia nzima alinitangulia hatua tatu, na mimi mdogo wake kwa miaka ishirini nilikuwa nahema.

Mama alipomwona mlangoni akasema, “Siti, umechelewa.”

“Nilifungiwa mlango.”

“Na hawa. Wasamehe, nimewalea mwenyewe.”

Wakacheka wote wawili. Nilisimama pale na sijui kama nicheke ama nilie, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko tangu tulipotoka hospitali. Bi Siti akanawa mikono. Akakunja kanga moja, akaipenyeza chini ya mama taratibu, akaniambia nishike ncha zile, yeye azishike hizi, na tusivute mwili, tuvute kanga. Mama akageuka. Akageuka kabisa, na hakutoa hata mguno.

Chini ya kiuno palikuwa na kidonda, ukubwa wa sarafu ya mia mbili, ndiyo kwanza kinaanza. Sikuwa nimekiona. Bi Siti alikitazama muda, uso ameukaza, nami nikajua anamkumbuka mtu. “Hiki tumekiwahi,” akasema.

Akauliza dawa iko wapi. Nikaenda kuitoa nyuma ya vikombe vya wageni, nikiomba ardhi ipasuke. Hakunifokea. Alimpigia simu Sista Severa, akanipa nisikilize mwenyewe, na Sista akanieleza kama anayemweleza mtoto wa shule: dawa hii hutolewa kwa kipimo, haimfanyi mama teja, na maumivu ndiyo yanayommaliza. Yasser alipofika, mama alishakunywa na alikuwa amelala. Alilala mpaka adhana ya magharibi. Kaka yangu alikaa kwenye kiti akimtazama anavyopumua, halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba chupa ikiisha ataifuata yeye.

Mama aliishi miezi mitano baada ya Alhamisi ile. Daktari alikuwa ametupa wiki sita, lakini sitaki kumtafutia Bi Siti sifa ya miujiza, ataudhika. Ninachojua ni kwamba ilikuwa miezi ya mtu, si ya maiti anayesubiri. Mama alikula futari kitandani Ramadhani nzima, akagawa mikufu yake mwenyewe, akasuluhisha ugomvi wa binamu zangu wawili wa Mtaa wa Tandamti uliokuwa umetushinda wote. Kidonda kilifunga wiki ya tano. Bi Siti alikuja kila Jumatatu na Alhamisi, na kila alipokuja alinishika mikono yangu akaiweka panapostahili: hapa bega, hapa nyonga, ngoja apumue, sasa. Siku niliyomgeuza mama peke yangu na akaendelea na stori yake bila kukatisha, nilijiona kama nimepasi mtihani wa taifa.

Mtaa nao ulikuwa unatazama. Walimwona mwosha anaingia kwetu Jumatatu, hakuna turubai. Anaingia Alhamisi, hakuna turubai. Mwezi, miezi miwili, na mama anaonekana dirishani anamkosoa muuza madafu. Siku moja mke wa Mzee Shomari akanisimamisha dukani akauliza, kama hataki kuuliza, huyo Bi Siti huwa anapatikana saa ngapi. Sasa Kariakoo tuna wahudumu tisa, na Tulizo wamefungua ofisi ndogo Ilala. Wa tisa ni mimi.

Wiki mbili kabla hajaondoka, mama alituita mimi na Bi Siti pamoja. “Siti,” akasema, “siku yangu ikifika, wewe usinioshe.”

Bi Siti akamgeukia. “Nimekukosea nini, Zeina?”

“Hujanikosea. Umewaosha watu miaka arobaini, hujapata nafasi ya kumlilia hata mmoja. Mimi nataka unililie. Huda ataniosha, ameshajua.”

“Mwosha huoshwa,” Bi Siti akasema, “lakini sikujua kama hupewa na likizo.”

Mama alifariki Ijumaa asubuhi, hana maumivu, mkono wake kwenye mkono wa Yasser. Turubai lilifungwa. Bi Siti alikuja bila mkoba. Wanawake walimpisha njia ya kwenda nyuma ya pazia, kwa mazoea, naye hakuingia, akaketi mkekani katikati yao, mikono ya baibui haijakunjwa. Kata alikuwa ameshaniachia mimi, na binamu yangu akamimina maji. Nilimgeuza mama kama nilivyofundishwa, taratibu, kana kwamba bado ataniambia naumiza.

Nilipomaliza nilitoka, nikapiga magoti mbele ya Bi Siti. Mwosha hasemi alichokiona, hilo alinifundisha mwenyewe. Ila alinifundisha pia kwamba kizuri kinaruhusiwa kusemwa. Nikamsogelea sikioni nikamwambia, “Mgongo wa mama ni mzima. Hauna hata alama.”

Bi Siti akaniegemea begani, akalia kwa sauti, mbele za watu wote.