Jumapili ya Basi Letu

Nyumbani kwetu hatukusema tunaishi Mbalizi. Tulisema basi linalala Mbalizi, na aliyeuliza alielewa. Kabla ya hapo lililala Chimala, nasi tukakaa Chimala. Baba alipoona abiria wa kule wamepungua alilihamisha, na wiki ile ile mama akafunga vyombo, akamfunga kuku mmoja miguu, tukahama. Kwa hiyo nilikua na sheria moja kichwani, ambayo hakuna aliyenifundisha wala aliyeikanusha: basi linapolala ndipo nasi tunapolala.

Lilikuwa basi moja tu, la baba na dada yake. Baba aliendesha, shangazi aliamua. Ofisi yetu ilikuwa meza ya shangazi, ile ile iliyokatiwa mboga, na ramani ilikuwa kichwani mwa baba. Uyole ni watu wa viazi. Igawa ni wafugaji waliotoka kaskazini na ng'ombe wao wakateremka Usangu. Hao wanapanda na madebe ya samli, na hawakubali yakae juu ya keria hata uwaapie. Makambako ni walimu na wanafunzi. Baba aliweza kukuambia nani atasimama wapi siku gani, na kama mvua ikinyesha nani hatakuja.

Katikati ya miaka ya sabini mambo mawili yalitokea karibu kwa pamoja, na mpaka leo sijui lipi lilivuta lingine. Treni mpya ilianza kubeba watu, na abiria wetu wa Makambako wakahamia huko bila kuaga. Na mama akaenda kwao Kalenga kumuuguza bibi. Alisema wiki tatu. Alibeba kisanduku kidogo, kama mtu wa wiki tatu. Baada ya miezi saba nilikuwa bado namwosha mdogo wangu masikio mwenyewe, na kila nilipouliza niliambiwa bibi bado hajapata nafuu. Shangazi alilisema hilo huku anatazama pembeni. Nilikuwa darasa la sita, nilijua kabisa mtu anatazama pembeni kwa nini, ila sikujua hili lilikuwa la nini.

Reli haikupita Iringa. Baba akasema basi, tutakwenda Iringa. Kutoka Iringa mjini hadi Kalenga hata kwa miguu unafika, nikaona mambo yamekwisha: baba anamfuata mama. Sikujua kwamba basi likibadilisha njia, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Safari ya Mbalizi hadi Iringa ilikula siku nzima kwa basi letu, lami au si lami. Leo kwenda, kesho kurudi, siku sita za wiki. Jumapili linapumzika, linakaguliwa breki na kubadilishwa oili, na linapumzika kule lilikoanzia wiki. Hapo ndipo kwao. Kwa hiyo swali lilikuwa moja: Jumapili iwe Mbalizi au Iringa? Na kwa kuwa baba ndiye alikuwa dereva na fundi, Jumapili ya basi ndiyo ilikuwa Jumapili ya baba.

Walilijadili baada ya ibada, mimi nikiwa nachambua mchele pale pale mezani.

"Mtu Jumapili anakaa kwao," alisema shangazi. "Anasali kanisani kwao. Watu wanamwona."

"Iringa kuna gereji, dada. Spea zinapatikana."

"Gereji."

"Na abiria. Wale hawana treni."

"Gereji," alirudia shangazi, macho yakamjaa machozi.

Nilimkazia macho mpaka mchele ukanimwagikia. Shangazi yangu alikuwa mwanamke wa kukata na shoka, kiongozi wa kwaya, aliyewahi kumfukuza mwizi wa ndizi kwa mwiko. Gereji ya Iringa ilikuwa imemkosea nini? Watu wazima wana tabia hii mbaya ya kugombania kitu kimoja huku mikono yao imeshika kingine, halafu mtoto akiuliza anaambiwa achambue mchele.

Wakakata shauri kupima. Jumapili nne basi lipumzike Mbalizi, Jumapili nne Iringa, na upande wenye abiria wengi siku ya Jumatatu ndio utakuwa kwao. Kondakta atataja idadi, na mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa unasomeka, nitaandika kwenye daftari. Nilijiona karani wa serikali.

Jumatatu za Mbalizi basi lilijaa hadi mlangoni. Nilishangaa, kwa sababu niliwafahamu abiria wote. Walikuwa kwaya. Sauti ya kwanza wamekaa mbele, sauti ya pili nyuma, wamebeba vikapu vitupu. Waliteremka Uyole, umbali wa kupiga chafya tu, wakarudi kwa lori. Nilipomuuliza shangazi walikuwa wanakwenda kufanya nini, alisema abiria ni abiria, andika.

Niliandika. Lakini hasira ilinipanda, nakiri. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: baba na mama chini ya paa moja, na sisi tukiwa humo ndani. Kama basi lingelala Iringa tungehamia Iringa, kama tulivyohama Chimala. Ndivyo mambo yalivyokwenda. Na sasa akina mama wa kwaya wenye vikapu vitupu walikuwa wanakalia nyumba yetu.

Jumapili za Iringa zilipofika baba alirudi kila Jumatatu jioni, nami nikamchunguza uso kutafuta habari za mama. Niliona vumbi. "Mama yenu hajambo, anawasalimu," alisema, akaingia kuoga. Kondakta akanitajia idadi. Ilikuwa ndogo. Watu wa Iringa Jumatatu wanakwenda shambani kama binadamu wengine, hawakuwa na shangazi wa kuwapakia. Nikaiandika idadi jinsi ilivyopaswa kuwa, si jinsi ilivyokuwa. Juma la pili hivyo hivyo. La tatu niliongeza hata wafugaji wa Igawa ambao hawakuwepo, pamoja na madebe yao.

Siku ya kusomewa nilisimama kama kanisani. Nilisoma za Mbalizi, nikasoma za Iringa. Iringa imeshinda. Shangazi aligeuza shingo akamtazama baba kwa muda mrefu. Baba alikuwa anakata kucha.

"Daftari limesema," alisema baba.

"Daftari," alisema shangazi, kwa sauti ile ile aliyotamkia gereji.

Nilifurahi mno. Usiniulize kama nilijuta, sikujuta. Ijumaa nilikunja nguo zetu, nikafunga sufuria mbili, nikamwambia mdogo wangu aage marafiki. Akaaga mtaa mzima, akagawa gololi zake. Jumamosi alfajiri tulisimama mlangoni mwa basi na mzigo.

Baba akauliza, "Hizo sufuria za nini?"

"Tunahama."

Alinitazama, akamtazama mdogo wangu, akatazama sufuria. "Pandeni," alisema mwishowe. "Jumanne mna shule lakini."

Hilo la shule nililisikia. Nililisikia vizuri sana, ila nilijifanya hamnazo.

Mama alitupokea Kalenga kwa vigelegele, akatubusu, akatupeleka kwa bibi tukamsalimu. "Kamwene," alituitikia bibi kwa lugha ya kwao, akakaa mwenyewe kitandani bila kushikwa, akala ndizi mbili. Mimi nilimtazama bibi vile anavyokula. Sikuwa daktari, lakini mgonjwa wa miezi yote ile nilikuwa nimemtarajia mwingine.

Asubuhi mama alikwenda misa Tosamaganga, akarudi mapema. Baba hakusali popote. Alikuwa chini ya basi, uani kwa bibi, miguu tu nje. Saa zote hizo za Jumapili niliyoiiba kwa ajili yake ziliishia chini ya basi. Mama akampelekea ugali na mlenda, akakaa juu ya jiwe karibu na gurudumu, akaanza kuzungumza na ile miguu. Miguu ikajibu. Mama akacheka, akafunika mdomo kwa khanga, akacheka tena. Sikuwahi kumwona mama akicheka hivyo Mbalizi, kwenye nyumba iliyotazamana na dirisha la shangazi. Nilisogea nisikie. Wakanyamaza wote wawili.

"Kamwangalie mdogo wako," alisema mama.

Mchana nilimfuata mtoni kufua. Nilikuwa nimejaa, nikapasuka. Nilimwambia yote, kwaya, vikapu, idadi za uongo. Nililia hadi nikapaliwa. Nilidhani atanichapa, na kwa kweli nilitaka anichape ili jambo liishe.

Mama aliendelea kusugua kola ya shati la baba.

"Baba yako anaendesha anatazama kioo," alisema. "Anakijua kila kichwa kilichopanda na kila kilichoshuka. Unafikiri unaweza kumwongezea watu wa Igawa asiwajue?"

"Alijua?"

"Toka juma la kwanza."

"Mbona hakusema?"

"Kamuulize mwenyewe."

Nilikwenda nikachuchumaa kando ya ile miguu. Nikauliza. Mkono mweusi kwa grisi ukatoka chini, kiganja juu.

"Nipe spana namba kumi na saba."

Nikampa. Sikupata jibu jingine siku ile, na wala sikulipata baadaye, na baba yangu ameshatangulia. Nimelizungusha hili kichwani miaka mingi. Kuna siku naona alinionea huruma. Kuna siku naona alinitumia, mtoto wa darasa la sita, ili asimwambie dada yake mwenyewe kwamba anamtaka mke wake na mke wake hataki tena kukaa Mbalizi. Kuna siku naona hayo mawili ni kitu kimoja, halafu nakasirika upya.

Jumatatu asubuhi basi lilinguruma. Mama alileta mzigo wetu. Nguo alikuwa amezifua na kuzikunja upya, sufuria alizibakiza. Mdogo wangu alipanda akawahi dirishani. Mimi nilibaki chini nimeshika mlango.

"Twende wote," nilisema.

"Bibi yako…"

"Bibi mzima, mama."

Aliangalia mlangoni kwa bibi, halafu akaniangalia mimi, na hakutazama pembeni. Nilitamani angetazama pembeni.

"Kweli, mzima," alisema.

"Basi tuhamie huku. Huku kuna shule. Basi linalala huku sasa."

"Shangazi yako amekubali Jumapili. Watoto kuhama hajakubali, na baba yako hajathubutu kumwomba." Alinifunga kifungo cha sweta ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. "Wewe ndiye uliyetupatia Jumapili, mwanangu. Asante. Ya kwenu ninyi haijapangwa bado."

Baba alipiga honi mara mbili, kama alivyopigia abiria yeyote anayechelewa. Nikapanda. Mpaka Mafinga sikujua kama nilikuwa nimeshukuriwa au nimeachwa, na mdogo wangu alikuwa ananiuliza, kwa sauti ya juu, abiria wote wakisikia, kwa nini sufuria zimebaki na sisi tunarudi.