Bastola ya Hereni Stendi ya Kibiti

Chekeni tu, nimeshazoea, maana hili kovu juu ya jicho langu la kushoto sikulipata kwa mamba wa Rufiji kama ninavyowadanganya wageni, nililipata stendi ya Kibiti, mchana kweupe, kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kimeanza kuingia, na mimi niliyeacha shule darasa la tano (si kwa ujinga, miguu tu haikutulia) nilikuwa nimeshakata mikoko kule delta, nimeuza mitumba Mohoro, nikaona sasa nijaribu Dar. Kariakoo nikamkuta jamaa anatoga watu masikio kwa bastola ya plastiki, paa! hereni imekaa, mtu anaondoka anacheka. Nikabadilishana naye kwa redio yangu, nikarudi Kibiti, nikapanga meza, kioo na kopo la vipini.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Zaituni, muuza vitumbua wa pale pale, kamshika mkono binti yake mdogo. Bibi wa mtoto alitaka kumtoga kwa mwiba wa mndimu kama walivyotogwa wote, mama akamwonea huruma.

"Kaka, na hii haiumi?"

"Hata kidogo, dada."

"Basi jitoge weye kwanza, tuone."

Sikioni sikuthubutu (mwanaume na hereni, Kibiti ya wakati ule? ningeitwa majina hadi kijiji cha Mtawanya), lakini nilishaona gazetini picha ya Mzungu mwenye kipini kinachong'aa juu ya nyusi, kwenye ngozi tu, nikasema haya, nikafinya ngozi, nikaiweka katikati ya bastola, nikabana.

Paa! Kipini kikaingia nusu, bastola ikagoma kuachia. Nikaivuta, ikanivuta. Nikaiachia, ikaning'inia usoni, damu inaingia jichoni, na konda mmoja mlangoni mwa basi akapaza sauti: "Mwacheni jamani, anaongea na simu! Haloo, Dar es Salaam!"

Stendi nzima hoi kwa kicheko. Mama Zaituni peke yake ndiye aliyeacha vitumbua vyake motoni, akaishika bastola isizidi kunichana, tukaenda hivyo hadi kituo cha afya, mimi nimeinama kama mbuzi wa mnadani, Zaituni nyuma kabeba kioo changu, na msafara wa watu nyuma yake.

Nesi Eliza, mtu wa bara aliyehamia kwetu, hakucheka. Akakichomoa kipini, akaosha kidonda, akanidunga sindano ya pepopunda, ndipo akauliza: "Bastola hii imeshatoga wangapi?"

"Sijui, sista. Kariakoo watu walipanga foleni."

"Na mnaichemsha?"

"Si itayeyuka? Plastiki hiyo."

Akamtazama mtoto. "Na ambaye angefuata ni huyu?"

Jamani, hapo hata waliochungulia dirishani walirudi nyuma. UKIMWI ulikuwa umeshatuzikisha watu. Nesi akanieleza, taratibu tu, kwamba damu hubaki pasipoonekana, kila mtu na sindano yake mpya. Kwamba ngozi tambarare si ndewe ya sikio, kidonda huoza humo ndani. Kwamba anayetoboa watu kwa biashara sharti afisa afya amkague na ampe kibali, na mtoto hatobolewi mpaka mzazi akubali.

"Mzazi alikubali," nikajitetea.

"Alikubali kwa sababu hukumwambia kitu."

Ile miezi ya kusubiri kupima damu ndiyo iliyonifundisha kusali. Nilipoambiwa niko salama nilikwenda moja kwa moja stendi kumshukuru Mama Zaituni, nikamwambia lile neno lake la nijitoge kwanza ndilo lililomwokoa mwanawe. Akageuza kitumbua. "Mie nilitaka kucheka tu, kaka."

Zaituni alikuja kutogwa na Nesi Eliza, kwa sindano mpya, mama yake kamshika bega. Mimi toka siku ile siingizi chochote katika ngozi ya mtu, hata mwiba wa mguuni namwita mwingine autoe. Siku hizi Zaituni ni mama wa watoto, na kila nikipita Kibiti huniona kwa mbali, hereni zinacheza masikioni, akaweka kiganja juu ya nyusi mbele ya watu wote: "Haloo, Dar es Salaam!"

Nami na mvi zangu naweka changu juu ya kovu, naitikia kwa furaha, "Haloo, mwanangu, nakusikia."