Surua ya Bogonko

Bogonko, Mkisii aliyeuza mabeseni kule Sori, mji wa kando ya ziwa, alijisifu kwamba mwili wake haujawahi kumficha jambo. Hata mvua aliijua kwa goti kumuuma kabla haijanyesha.

Asubuhi moja aliamka na homa, macho mekundu, vipele usoni. Mkewe, Nyanchoka, alimpeleka zahanati. Asmaa, daktari wa pale, alimchungulia mdomoni, akasema ni surua, na huenda ameibeba karibu wiki mbili.

"Wiki mbili, na mimi sijui?"

"Seli ikivamiwa na kirusi hutoa kemikali ya kuwaonya majirani wajilinde. Ndiyo kinga ya kwanza ya mwili. Hiki cha surua huziba onyo hilo, kikazaana kimyakimya. Ukija kuona vipele, ushaambukiza watu. Nenda nyumbani, usikaribie mtu."

Kufichwa kulimuuma Bogonko kuliko homa yenyewe. "Jirani anavamiwa na hasemi? Basi nitasema mimi."

Nyumba yake ilipakana na ziwa. Alisimama uani akawasha kipaza sauti cha kutangazia mabeseni. "Nina surua. Msije hapa. Wote niliowasalimu juzi, nendeni zahanati."

Sori haikuwahi kusikia kipaza sauti kile kikifukuza watu. Walisikia sauti, maneno hawakuyajali, wakaja. Willis, fundi wa mitumbwi, alidhani bei imeshuka. Wengine walidhani Bogonko anagombea kiti cha wadi, wakaja kuona atatoa nini. Kadiri alivyowakataza ndivyo walivyosogea, naye akarudi kinyumenyume, kipaza sauti amekiinua kisilowe, mpaka maji yakamfika kifuani.

"Baba Beverly, toka majini, una homa," Nyanchoka alimwambia mumewe.

"Waondoke wao kwanza."

Akina mama wa kanisa lake la Kiadventista walipomwona amesimama ziwani, mkono juu, wakajua ni ubatizo. Wakaanza wimbo. Willis akavua viatu.

Asmaa alifika na sanduku la chanjo. Alikuwa akiwatafuta waliomkaribia Bogonko, na karibu wote walikuwa pale ufukweni, wamejipanga. Akawachanja hapohapo. Willis alinyoosha mkono, akauliza kama bado ni lazima aingie majini.

Bogonko alipona, lakini alirudi sokoni sauti imemkauka kabisa. Wateja walisema ndio unyenyekevu wa mtu aliyebatizwa upya.