Firigisi ya Mwenye Nyumba

Juzi tulikaa kwenye nyasi nje ya kituo cha kununulia majani chai, tukingoja lori. Njaa ilikuwa imetushika. Mama mmoja aliyehamia huku kutoka upande wa ziwa alifunua sufuria ya kuku na ugali, akatukaribisha sisi majirani. Kwake firigisi ni ya mwenye nyumba, na hakuna anayegusa chakula kabla mume hajaionja. Akaiweka kwenye sahani, akampa mzee wake kwa mikono miwili.

Mzee akafumba macho kuomba. Mwewe akashuka, akainyakua, akatua juu ya paa la kituo.

"Amina," mzee akasema. Akatazama sahani. "Nani amekula?"

Mkewe akaonyesha paa kwa mdomo.

"Basi hakuna anayekula. Nataka firigisi yangu."

"Baba, kuku ana firigisi moja."

"Najua."

Tukakaa tukitazama mchuzi ukiganda. Mwishowe jirani yangu, mama Mkipsigis asiyependa maneno mengi, akauliza, "Kwani mwenye nyumba si ni yule ameonja?"

Mkewe akafikiri. Kisha akageukia paa, akapiga goti kidogo. "Asante, baba watoto," akasema, akaanza kutugawia.

Mzee akameza mate, akanyoosha mkono kwenye paja la kuku. Mkewe akausukuma.

"Mgeni hunawa kwanza."

Akanawa.

Wanaume wetu husema bila mwenye nyumba chakula hakiliwi. Sisi tulikula tukashiba, mwenyewe akiwa juu ya mabati anajipangusa mdomo.