Mafuta ya Kumpeleka Mama Sirisia

Kwetu Bungoma mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Usiniulize kwa nini, hata mimi nilizaliwa nikayakuta. Atakuja mchana, atawekewa kiti mahali ambapo yeye na mkwe hawataangaliana, atakunywa chai, ataenda zake. Kulala, hapana. Na kufia hapo? Hiyo ni aibu watu hawaitaji hata kwa mdomo.

Ndiyo maana mama alipougua akaletwa kwangu Kitale atibiwe, alikataa katakata chumba nilichomtandikia. Alisimama uani, mkono kiunoni, akaitazama trela yetu iliyoegeshwa karibu na jiko.

"Ile ni nyumba ama ni gari?"

Nikamwambia ina magurudumu, huvutwa na pikapu.

"Basi ni gari. Kwa gari mtu anaweza kulala." Akaingia na kifurushi chake, maneno yakaisha.

Trela hiyo tuliinunua kwa mkulima mmoja wa hapa Kitale aliyekuwa akiuza vitu vyake ahame. Ni kijumba cha bati cha kusafiri nacho: kitanda, jiko la gesi, dirisha lenye pazia. Mimi na mume wangu tulizunguka nayo masokoni tukiuza vitambaa. Chwele tulilala humo humo, na kulipokucha nilikuwa nimeshapanga bidhaa wenzangu wakiwa bado njiani. Majirani walitucheka, ati kobe wamepita na nyumba yao. Wacha wacheke! Halafu dizeli ikaanza kupanda, ikapanda, ikapanda. Pikapu ikivuta trela hunywa kama ng'ombe wa kiangazi, na ikafika mahali tukawa tunauzia tangi, si tumbo. Tukaiegesha. Kuku wakahamia humo, mpaka mama alipokuja akawafukuza.

Dawa hazikumsaidia. Daktari alituambia kwa upole tukae naye tu. Mama hakutaka kukaa, alitaka kurudi kwake Sirisia, huko Bungoma, na mimi nilijua kwa nini ana haraka. Lakini angerudije? Kuketi hakuweza, mgongo ulikuwa moto mtupu. Nyuma ya pikapu ni wazi na mvua ilinyesha kila alasiri. Gari la wagonjwa la kukodi, waliponitajia bei nilikata simu bila kuaga. Ilibaki trela, na dizeli iliyokuwa kwenye tangi labda ingetufikisha Kiminini.

"Tungoje tarehe kumi na nne," mume wangu akasema. Siku hiyo kila Mkenya mwenye injini anaijua, ndiyo ya kutangaziwa bei mpya za mafuta. Alikuwa amesikia mjini kwamba safari hii zitashuka. "Subira huvuta heri, mama watoto."

Nami, mjinga mwenzake, nikakubali. Huku tukingoja nilipita kwa majirani, nikapita kwa kina mama wa kikundi chetu cha kanisa, nikiomba mafuta kama mtu anayeomba chumvi. "Pole sana dada, si unaona hali vile iko? Tutaona." Na kweli hali ilikuwa mbaya, hakuna aliyenidanganya.

Jioni ya kutangazwa bei tuliketi karibu na redio. Haikushuka, bana. Ilipanda tena. Mume wangu akaizima redio, akabaki akiitazama mikono yake. Nilitaka kumfokea mtu na serikali haikuwa uani kwangu, kwa hiyo nikamfokea yeye.

Mama alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Asubuhi nilipompelekea uji nilikuta pumzi yake imebadilika. Akanishika mkono.

"Mwambie mkwe wangu anitoe hapa."

"Mama, mafuta hayafiki."

"Sijasema Sirisia. Anitoe nje ya geti tu. Nisimfie mtu bomani kwake."

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya trela, pale wasipoonana, na alisikia. Aliifunga trela kwenye pikapu, machozi yakimtoka, nami nikaingia ndani nikamshika mama asitikisike. Tukaipita kamba ya nguo, tukapita geti, tukasimama kando ya barabara kwenye majani yasiyo ya mtu. Hata gia ya pili hakuingiza.

"Tumetoka?"

"Tumetoka, mama."

"Mshukuru." Umande ulikuwa haujakauka alipokata roho.

Nililia kwa huzuni na kwa hasira, sikuweza kuvitenganisha. Kufikia adhuhuri uwanja ulikuwa umejaa watu. Kwetu mtu akifa hakuna anayesema tutaona. Kina mama wa kikundi walileta mtungi wa dizeli kwa bodaboda. Jirani wa ng'ambo akaleta mwingine. Mwenye duka akaleta wa tatu, akaomba radhi kwamba ni mdogo. Ningependa kusema sikumkasirikia hata mmoja wao. Niliwakasirikia wote, na kila mmoja nikamwambia asante.

Siku ya kumsafirisha tuliliweka jeneza ndani ya trela, tukajaza tangi mpaka likamwagika. Tukapita Kiminini, tukapita Kamukuywa, tukapita Kimilili na Chwele bila kusimama popote. Tulifika Sirisia, na mafuta yakabaki.